Tumbo Jipya, Meza Ileile: Majibu kwa Waliofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Barua zilizotufikia tangu tulipogusia upasuaji wa kupunguza uzito ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa, na karibu zote haziulizi habari za chumba cha upasuaji bali za mezani, kazini na chumbani. Nimechagua nane. Kabla ya kuzijibu, naomba tusahihishane jambo moja: mitaani husemwa kwamba fulani "amekata utumbo", ilhali aina inayofanyika zaidi duniani haigusi utumbo hata kidogo. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula, ambao huondolewa takriban asilimia 75 hadi 80, ukabaki mrija mwembamba uliopinda kama ndizi. Aina ya pili, baipasi, hutengeneza kifuko cha mililita zipatazo 30 sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita njia ya mkato na kuruka sehemu kubwa ya mfuko pamoja na mwanzo wa utumbo. Kila aliyepasuliwa anapaswa kujua alifanyiwa ipi, kwa sababu majibu yangu mengine yatategemea hilo.

Nyama imenikwama na mizani imegoma

*Daktari, nilifanyiwa upasuaji wa kubakiza mrija wiki sita zilizopita. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 11, lakini kwa siku kumi sasa mizani haisogei. Juzi nilikula vipande viwili vya nyama nikahisi kama jiwe limekaa kifuani, mate yakanijaa mdomoni, kisha nikatapika. Je, upasuaji wangu umeharibika?*

Pole, dada, lakini katika hayo uliyoyaeleza sioni kilichoharibika. Mambo mawili yasiyohusiana yamekukuta katika juma moja, nawe umeyafunga fungu moja.

Tuanze na mizani, maana ndiyo nyepesi. Kilo za mwanzo hutoka kwa kasi kwa sababu mwili unaokosa chakula cha kutosha hutumia kwanza sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hushikilia maji mengi; inapokwisha, maji yake hutoka nayo. Baadaye mwili hutegemea zaidi mafuta, ambayo kilo yake moja ina nishati nyingi, kwa hiyo hupungua polepole. Kati ya wiki ya tatu na ya sita watu wengi hukaa siku kadhaa, pengine wiki mbili, bila kushuka, huku nguo zikiendelea kulegea. Jipime mara moja kwa juma, siku ileile, asubuhi kabla ya kunywa chochote. Anayepanda mizani kila siku anapima maji yake zaidi kuliko mafuta yake.

Kuhusu nyama, hapo nitakulaumu kidogo. Kidonda cha ndani hakionekani, na ni rahisi kukisahau mara tu matundu madogo ya nje yanapokauka. Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ni za vinywaji, zikifuatiwa na wiki mbili hivi za vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na ndipo, karibu na wiki ya nane, chakula cha kawaida huanza kujaribiwa kimoja kimoja. Hospitali hutofautiana kidogo katika ratiba hii, na ya hospitali yako ndiyo ya kufuata, lakini vipande vya nyama kavu katika wiki ya sita ni mapema kwa ratiba nyingi. Samaki aliyechambuliwa, yai la kuchemsha lililopondwa au maharagwe yaliyoiva hadi kupasuka vitakupa protini bila ugomvi. Unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, ndiyo maana huliwa kwanza, kabla mboga na wanga havijachukua nafasi.

Mkasa wako ulisababishwa pia na kasi. Sehemu ya mfuko wa chakula iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitanuka kupokea tonge juu ya tonge, na mrija uliobaki hautanuki hivyo. Tonge lisilotafunwa vizuri husimama mlangoni, koo linaongeza mate ili kulisukuma, mate nayo hayana pa kwenda, na ndiyo yale mapovu uliyoyatapika. Likikukuta tena, acha kula, simama wima, tembea taratibu chumbani na usinywe maji kulisukuma, kwani maji yatajaa juu yake. Mgonjwa wangu mmoja, mtu mzima mwenye cheo na haraka nyingi, aliponea kwa kijiko cha mtoto. Alikata kila kitu kwa ukubwa wa punje ya harage, akatafuna mpaka kikawa kama uji, kisha akakiweka kijiko mezani na kuondoa mkono kabisa kabla ya kukishika tena. Mlo wa vijiko sita ulimchukua dakika 25. Alisema kilichomchosha ni kungoja, wala si njaa.

Jifunze pia dalili mpya za kushiba, kwa kuwa za zamani hazitarudi kwa sura ileile. Wengine huhisi mkandamizo chini ya mfupa wa kifua, wengine kwikwi moja, wengine mafua ya ghafla katikati ya mlo. Dalili ikifika, kijiko kinachofuata ndicho kitakachokutapisha.

Maji yanahitaji hesabu, kwa sababu huwezi tena kugugumia bilauri nzima. Lengo la kawaida ni lita moja na nusu au zaidi kwa siku, nje ya milo, ukianza tena kunywa nusu saa baada ya kula. Mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kila robo saa zitakufikisha kwenye lita moja na nusu kwa muda wa saa 12 na nusu. Ukisubiri kiu, siku itakuwa imekwisha.

Sasa nikuonye. Kutapika mara moja kwa kula vibaya si hatari. Kutapika kila siku, au kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, ni safari ya hospitali. Akiba ya vitamini B1 mwilini hudumu wiki chache tu, na ikiisha huharibu ubongo na neva: mtu huona vitu viwili viwili, hupepesuka, huchanganyikiwa. Mwambie anayekupokea kwamba ulifanyiwa upasuaji huu, ili upewe vitamini hiyo kabla ya kutundikiwa dripu yenye sukari, maana sukari ikitangulia huimaliza akiba ndogo iliyosalia. Vilevile, homa, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto katika wiki za mwanzo huweza kuashiria kwamba mshono unavuja. Pumzi kukatika ghafla, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, huweza kuwa damu iliyoganda. Dalili hizi hazingojwi hadi asubuhi.

Lini nirudi kazini?

*Mimi ni fundi seremala. Nitapasuliwa mwezi ujao na nataka kujua nitakaa nyumbani muda gani.*

Ungekuwa karani ningekwambia wiki mbili hadi tatu. Kwa kuwa kazi yako ni ya kunyanyua mbao, hesabu wiki nne hadi sita, na katika kipindi hicho usibebe kitu kinachozidi kilo 5, kwani misuli ya tumbo iliyotobolewa ikikazwa kabla ya kupona huweza kuacha ngiri. Kukaa nyumbani, hata hivyo, si kulala. Utainuliwa kitandani siku ileile ya upasuaji au kesho yake, na kutoka hapo utembee kidogo kila saa unapokuwa macho, kwa sababu damu ya miguu isiyosukumwa huganda.

Mke wangu amebadilika

*Mke wangu alipasuliwa miezi minne iliyopita. Hali nasi tena. Huchukua kisahani chake akaenda sebuleni. Mama yangu anaona anadharau chakula chake, nami nikimhimiza ale hukasirika. Juzi nilimkuta analia mbele ya kabati la nguo. Nifanye nini?*

Bwana, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii, kwa sababu karibu hakuna anayewaandaa watu wa nyumbani.

Elewa kwanza kinachotokea mwilini mwake. Sehemu ya mfuko wa chakula inayokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999. Katika miezi ya mwanzo wengi huweza kukaa nusu siku bila kuhisi kwamba hawajala. Kwa hiyo unapomhimiza, unamhimiza mtu asiye na njaa kujaza mahali pasipo na nafasi, na akikubali ili kukuridhisha, atatapika. Tena, kula polepole mbele ya watu wanaomtazama ni kazi ngumu. Kila kijiko kinahesabiwa na macho mengine. Nadhani ndiyo sababu ya sebuleni.

Mrudisheni mezani bila kumfanyia karamu. Awekewe kisahani chake kama wengine, akisimamisha kijiko asiulizwe, na mazungumzo yawe ya mambo mengine kabisa. Mama yako aambiwe na wewe mwanawe, si na mkwewe, kwamba vijiko vitano alivyokula vya chakula chake ni sawa na sahani iliyojaa ya zamani. Maelezo hayo hayo yakitoka kwa mkwe husikika kama udhuru. Acheni pia maneno ya "umekwisha", "unaumwa nini" na hata "umependeza sana kuliko zamani", kwani hili la mwisho humwambia mtu mlivyokuwa mkimwona.

Kilio cha kabatini kina mengi. Nguo hazimkai, ngozi imelegea, uso ulio kwenye kioo haujui, na chakula, ambacho kwa watu wengi wanene kilikuwa ndicho kitulizo cha siku mbaya, hakipo tena kumtuliza. Usijaribu kumpa suluhisho siku hiyo. Keti naye tu. Lakini majonzi yakizidi wiki mbili, akaacha mambo aliyoyapenda au akaanza kusema ni afadhali asiwepo, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili bila kuona aibu. Huduma hiyo ni sehemu ya matibabu haya.

Na jambo moja la kuangalia kwa upole: pombe. Baada ya upasuaji, hasa baipasi, pombe huingia kwenye damu upesi na kwa kiwango cha juu zaidi, na glasi iliyokuwa haimfanyi kitu huweza kumlewesha. Hatari ya kuizoea huongezeka kuanzia mwaka wa pili, wakati tahadhari za mwanzo zimelegea.

Nywele zinatoka kwa mafungu

*Ni mwezi wa nne na kichana kimejaa nywele kila asubuhi. Je, nitapata upara?*

Hutapata. Mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi huzifanya nywele nyingi kuingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na miezi mitatu hivi baadaye huanguka kwa pamoja. Mizizi ipo hai, na nyingi huota tena katika miezi inayofuata. Hakikisha tu kwamba protini, madini ya chuma na zinki havijapungua. Zikiendelea kutoka baada ya mwaka mmoja, pima damu. Mafuta ya kupaka kichwani hayatadhuru isipokuwa mfuko wako wa fedha.

Dakika ishirini baada ya soda

*Nina baipasi ya miezi saba. Kwenye sherehe nilikunywa nusu chupa ya soda na kula kipande cha keki. Haikupita nusu saa moyo ulinienda mbio, nikatoka jasho, tumbo likanisokota, nikaenda chooni na kulala chini nikidhani nakufa. Lakini mara nyingine hunitokea saa mbili baada ya kula, natetemeka na kuona kiza. Ni ugonjwa mmoja?*

Ni ndugu wawili, na kila mmoja ana tabia yake.

Wa kwanza hufika ndani ya dakika 10 hadi 60. Mfuko wa chakula wa mtu asiyepasuliwa una mlango wa chini unaoachia chakula kidogo kidogo. Wewe mlango huo umerukwa, kwa hiyo sukari nyingi ilimwagika moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Utumbo ukavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, tumbo likajaa, shinikizo la damu likayumba, moyo ukakimbia kufidia. Ulipolala chini ulifanya jambo sahihi. Hali hiyo hupita yenyewe, na kwa kuwa inatisha mno wengi huacha vitu vitamu bila kushauriwa na mtu. Sisemi ni rafiki, lakini nimeona ikifanya kazi ambayo mawaidha yangu hayakuweza.

Wa pili huja saa moja hadi tatu baada ya kula. Sukari iliyoingia kwa kishindo hulifanya kongosho kutoa insulini kupita kiasi, na sukari ya damu ikashuka chini ya inavyotakiwa. Ndiyo kutetemeka, kiza machoni na jasho baridi. Ukiweza, pima sukari wakati huohuo na uandike namba pamoja na ulichokila. Ikiwa iko chini, chukua kitu kitamu kidogo cha kuipandisha, lakini kifuatishe na chakula chenye protini, la sivyo utaanzisha mzunguko mwingine. Kinga yake ni milo midogo mitano au sita, protini katika kila mlo, wanga usiokobolewa, na vinywaji vitamu kuachwa kabisa, juisi za matunda zikiwemo. Ukizimia au ukichanganyikiwa, usiendeshe gari mpaka daktari akuone.

Wenye kisukari wanaosoma hapa wazingatie jambo moja: baada ya upasuaji sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua, na dozi za zamani za insulini au vidonge zikawa kubwa mno. Zipunguzwe na daktari, wala si kwa kukisia.

Jino linauma

*Naweza kunywa dawa ya maumivu niliyozoea, ibuprofeni?*

Kama una baipasi, hapana. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya kutuliza maumivu hutoboa vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na sigara hufanya vivyo hivyo. Wenye mrija pia hushauriwa kuziepuka. Tumia parasetamo kwa kipimo chake, na mweleze daktari wa meno kabla hajaandika chochote. Anayepewa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza aliyemwandikia.

Nimechelewa siku kumi

*Kwa miaka mingi sikuwa nikipata hedhi kwa mpangilio na niliambiwa nitapata mimba kwa shida. Baipasi yangu ina miezi minane, natumia vidonge vya kuzuia mimba, na sasa nimechelewa siku kumi. Nina furaha na hofu.*

Pima leo. Uzito unapopungua, yai huanza kupevuka tena, mara nyingi kabla mwanamke mwenyewe hajatambua, na vidonge vya kumeza havitegemeki baada ya baipasi kwa kuwa utumbo huenda usivinyonye inavyopasa. Ndiyo maana tunashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 na kutumia njia isiyopitia tumboni, kama vile kitanzi au kipandikizi.

Ikiwa mimba imeshaingia, usijihukumu wala usikimbilie uamuzi. Wanawake wengi wamejifungua salama katika hali kama yako. Nenda kliniki mapema, waambie kuhusu baipasi, na damu ipimwe kwa ajili ya chuma, asidi ya foliki, B12, kalsiamu na vitamini D. Kagua pia vidonge vyako vya sasa: vitamini A ya aina ya retinoli kwa wingi haifai mimba changa. Baadaye utakapofika wakati wa kupimwa kisukari cha ujauzito, kataa kwa adabu ile bilauri ya sukari, kwani itakuletea yale yaliyompata mwenzako wa soda. Ipo njia nyingine ya kupima sukari nyumbani kwa siku kadhaa.

Kilo saba zimerudi

*Nilifanyiwa baipasi miaka mitatu iliyopita na kupungua kilo 46. Mwaka huu kilo 7 zimerudi. Naona haya kurudi kliniki, watasema nimeharibu kazi yao. Vidonge niliacha mwaka juzi kwa sababu nilijiona mzima, ila usiku miguu hufa ganzi. Je, kuna upasuaji wa kurudia?*

Kilo saba kati ya 46 si kuharibu kazi ya mtu. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia zaidi ya watu 2,000 waliopasuliwa ulionyesha kwamba uzito hufika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu yake hurudi, na bado baada ya miaka kumi waliopasuliwa walikuwa wepesi kuliko wenzao wasiopasuliwa. Ripoti ya mwaka 2007 ilionyesha pia kwamba vifo vilikuwa vichache miongoni mwao. Kinachorudisha kilo mara nyingi ni vitu vinavyoteleza: vinywaji vitamu, biskuti, vitafunio vya kumega siku nzima, ambavyo hupita kwenye kifuko bila kukijaza. Upasuaji wa kurudia upo, una hatari zaidi kuliko wa kwanza, na haujadiliwi kabla ya kutazama hayo.

Lakini, ndugu yangu, umeuliza kuhusu kilo na ukaitupa miguu mwishoni mwa barua kama jambo dogo. Kwangu miguu ndiyo barua yenyewe. Ili vitamini B12 inyonywe vizuri inahitaji asidi na protini maalumu vinavyotoka kwenye ile sehemu ya mfuko wa chakula ambayo chakula chako hakipiti tena. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, na kwa hiyo mtu huacha vidonge, akajiona mzima mwaka mzima, huku akiba ikipungua kimyakimya. Ganzi ya miguuni ni miongoni mwa dalili zake za kwanza, na ikiachwa huweza kuwa ya kudumu. Upungufu wa shaba na wa vitamini B1 huweza kuleta ganzi ya namna hiyo pia, kwa hiyo usijitibu kwa kununua sindano mwenyewe.

Rudi kliniki wiki hii. Omba kipimo cha damu kamili, chuma na akiba yake, B12, asidi ya foliki, B1, kalsiamu, vitamini D, homoni ya tezi ya paradundumio (inayosimamia kalsiamu mwilini), shaba na zinki. Ukianza tena vidonge, tenganisha chuma na kalsiamu kwa saa mbili au zaidi, kwani huzuiana, na kalsiamu iwe ya sitreti, ambayo haitegemei asidi nyingi ili kunyonywa. Na unapoketi mbele ya daktari, usianze na mizani. Vua viatu, mwonyeshe ganzi inapoishia, kama ni kwenye vidole au imeshapanda hadi kifundoni, na umwambie ilianza mwezi gani.